Nyumba ya Kuelea Tuliyompelekea Mama Munisagara

Tangu nirudi mmekuwa mkija mmoja mmoja. Mnaagiza supu, mnakamua ndimu, mnatazama huku na huku, halafu mnaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Rehema, kwani huko kulikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nageuza chapati. Nimekaa chini nimeandika yote. Someni, mkimaliza mniache niuze.

Tela lile lilimfikiaje kaka yangu, na karatasi zake zilikuwaje, hayo hata mimi sikuyafuatilia. Mzungu aliyelileta aliumwa akarudi kwao, akamwachia kaka aliyekuwa akimlindia. Basi. Mimi naanzia pale tulipolifunga nyuma ya trekta.

Malolo

Kaka Shabani ndiye mkubwa wetu. Alihamia Malolo zamani, analima vitunguu, na tangu utoto ana ugonjwa mmoja: akipata kitu ambacho wengine hawana, hawezi kukaa nacho kimya. Nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika marahaba huku anafuta kioo cha dirisha la tela kwa kitambaa. Hakuniuliza hata habari za watoto. Akaniambia, "Vua viatu, uingie uone."

Niliingia. Kwa juu ni nyumba kabisa: kuta nyeupe, mapazia meupe, kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Kwa chini ni boti. Tumbo lake halipitishi maji, magurudumu yanapandishwa kwa mpini, na nyuma pana mahali pa kufunga injini. Barabarani unalivuta, majini linaelea, ukichoka unalala humo humo. Wenzetu wanatembelea nalo kwa starehe. Sisi tulikuwa na shida nalo.

Shida yetu mnaijua. Mama yetu, Bi Zaina, alikuwa akiishi Munisagara, kati ya reli na mto Mkondoa, na kila masika mto ulikuwa unaingia ndani bila kubisha hodi. Tulimbembeleza ahame mpaka tukachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Nije Mikumi nikafanye nini, niangalie malori?" Na alikuwa na sababu. Mama ni mtani. Sisemi kwamba anapenda mzaha, kila mtu anapenda mzaha. Nasema mtani wa kweli. Ukoo wetu na wa watani wetu tunazikana tangu enzi za babu zetu, na msiba ukitokea kwao Mama anatumiwa ujumbe kabla ya baadhi ya ndugu. Anavaa koti la marehemu nje ndani, anajipaka masizi, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anakalia jeneza na kulizuia lisitoke mpaka apewe kuku. Waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi yanatiririka. Kwetu hiyo ni kazi, na ni heshima, na heshima hiyo iko kule kule njia ya reli, haihamishiki.

Kwa hiyo wazo la kaka lilikuwa zuri, lazima niseme kweli. Nyumba ikae kwenye kiwanja cha Mama, maji yakija ipande nayo, yakishuka ishuke nayo, na Mama asihame. Tuwahi tu masika. Nililikubali wazo hilo kwa moyo wangu wote, na usiku ule nilimwombea kaka dua ambayo leo naionea uchungu.

Dereva wa trekta aliitwa Amosi, Mvidunda wa milimani, mtu wa maneno machache yenye miba. Alilizunguka tela, akagonga tumbo lake kwa ngumi, akasema, "Kwetu Vidunda maji yakija tunayatazama tu yakishuka kwenu." Wifi yangu alitufungia ugali na perege wa kukaanga, akatupa na kikapu cha vitunguu vya Mama. Tukaondoka.

Barabara kuu mpaka Mikumi

Trekta halina haraka, na barabara kuu haina huruma. Kwenye vilima vya Iyovi malori yalijipanga nyuma yetu yakipiga honi mpaka nikaomba ardhi ipasuke. Kaka hakujali. Alikuwa amekaa mlangoni mwa tela, mlango wazi, anapunga mkono.

Trafiki akatusimamisha. Alilitazama tela kwa muda, akauliza, "Hii ni gari, nyumba, au boti?"

"Vyote, afande," kaka akasema, na badala ya kuishia hapo akamkaribisha ndani. Afande akavua viatu. Akafungua bomba, akafunga. Akakaa kitandani. Akamwita mwenzake naye avue viatu. Nilikula perege wangu kando ya barabara mpaka mifupa, wale bado wako ndani wanajaribu swichi.

Mbele kidogo gurudumu moja likaanza kutoa moshi, bearingi imekufa. Amosi akalala chini ya tela na spana zake. Tulikaa hapo mchana mzima, na watu wakajaa. Kila aliyeshika ukuta kaka alikuwa nyuma yake na kitambaa, anafuta. Mwanamke mmoja aliyebeba mkaa aliegemea kidogo tu apumzike, kaka akamwondoa kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Mimi nikamwomba radhi yule mama. Kaka akaninong'oneza, "Weupe huu ukiingia uchafu hautoki tena."

Mikumi mlituona wenyewe. Mlimwona alivyosimama kwenye ngazi kama bwana harusi. Nilitaka tupite moja kwa moja, mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Kilosa. Akasema watu wanataka kuona. Tukalala hapa, na kesho yake tena akawa na wageni wa kuwaonyesha. Siku zile ndizo zilizotuponza, ila wakati ule niliona ni majivuno ya kawaida.

Njia ya Ulaya

Ukiacha lami ya Mikumi kuelekea Ulaya na Kilosa, vumbi linaanza. Tulifika kijiji kimoja asubuhi, Amosi akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Kufumba na kufumbua naona wanawake wanatoka kwenye nyumba na watoto migongoni, watoto wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kadi za kliniki mkononi. Wakajipanga mstari kwenye ngazi za tela. Gari jeupe, lina mapazia, lina ngazi: wao walijua ni la chanjo.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akamwambia kaka, "Shikamoo daktari."

Mtu mwingine angesema, bibi, mimi si daktari. Kaka yangu akasema, "Marahaba, hamjambo?"

Mstari ukaongezeka. Mwanamke mmoja akaleta bakuli la viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto, kwa ajili ya daktari aliyetoka mbali. Kaka akala. Nilimtazama akimenya kiazi kwa vidole vya mganga mkuu, nikasikia aibu mpaka masikioni. Ni Amosi aliyemaliza mambo. Alifunika rejeta, akasema kwa sauti, "Akina mama, huyu ni mkulima wa vitunguu."

Hakuna aliyetukana. Walisonya tu, kisha wakaanza kuwafunga watoto migongoni. Yule wa viazi akaja, akachukua bakuli lake na vilivyobaki, akamwambia kaka, "Hivyo viwili ulivyokwisha kula, Mungu akusamehe." Njia nzima kaka alilalamika kwamba watu wa vijijini hawana shukrani. Yeye ni mkubwa wangu, na sikulelewa kumjibu mkubwa.

Msiba wa barabarani

Tulipita Ulaya, na mbele yake, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, tukakuta barabara imewekewa matawi. Pembeni turubai, wanawake wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa za msiba juu ya moto. Tusingechelewa Mikumi, tungekuwa tumeshapita. Katikati ya barabara amelala mwanamke mtu mzima, koti la kiume limevaliwa nje ndani, uso mweusi kwa masizi. Nikajua papo hapo. Nilishuka, nikaenda, nikamwamkia.

"Marahaba. Nyie wa nani mnaopita na mwenzenu kalala ndani?"

"Sisi wa Bi Zaina wa Munisagara."

Akakaa. "Zaina mtani wangu? Zaina aliyemkalia marehemu mume wangu jenezani mpaka nikauza jogoo wa watoto?" Watu wakacheka chini ya turubai. Aliitwa Bi Chausiku, na tulikuwa tumeingia mikononi mwa watani wetu wenyewe. Ningepanga safari nisingeweza kupanga hivyo. Nilifurahi, nyie. Nilisema moyoni, Mama akisikia atacheka wiki nzima.

Bi Chausiku akalizunguka tela akichechemea, ndivyo marehemu alivyokuwa akitembea. "Jamani, mwenzetu amelalia mkeka uliotoboka maisha yake yote, leo kafa ndiyo watani wanamletea nyumba ya mapazia. Ngojeni niijaribu." Akapanda na miguu yake ya vumbi, akajitupa kitandani. "Nyumba imetekwa. Kuku mmoja na sukari. Msipokomboa nakaa humu mpaka arobaini."

Kila mtu pale alijua kinachofuata. Mwenye kitu analalamika, anabembeleza, anatukanwa yeye pamoja na ukoo wake wote, analeta kuku, watu wanacheka, safari inaendelea. Kuku walikuwa wanadonoa pale pale pembeni, hata wa kununua kwa jirani angepatikana. Nilikuwa nimeshaanza kufungua pindo la kanga.

Kaka alikuwa anacheka, kicheko cha midomo tu. Kisha Bi Chausiku akafuta mikono yake kwenye pazia. Halafu kwenye ukuta mweupe, kiganja kizima cha masizi.

"Mama, inatosha," kaka akasema. "Toka."

"Nitoke niende wapi, nimeshaolewa humu."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikamwingia kaka vibaya. Akapanda, akamshika mkono, akamvuta. Bi Chausiku alikosa ngazi. Alianguka na mkono chini.

"Mimi sina muda wa ushenzi huu," kaka akasema. "Nina mama yangu ananingoja."

Kicheko kikakatika chini ya turubai. Bi Chausiku akasimama mwenyewe, akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, akamtazama kaka. Hakumtukana. Mtani asipokutukana, ujue umekwisha. Wanaume wakaja, wakaondoa matawi barabarani, na mmoja akasema, "Piteni."

"Kaka," nikamwambia, "tuombe radhi, tutoe kuku."

"Twende."

Amosi aliwasha trekta. Sikuweza kuwatazama wale wanawake wa mikekani.

Kilosa

Kilosa tulifika tumenuniana. Nilinunua chai na maandazi kwa mwanamke mmoja karibu na stesheni. Alilitazama tela, akatazama alama ya kiganja ukutani, ambayo kaka aliisugua njia nzima ikakataa kutoka. "Nyie ndio wale?" akaniuliza. Habari ilikuwa imeshatupita kwa simu. Nikasema ndiyo. Akanimiminia chai, akageukia maandazi yake.

Baada ya hapo njia ya Munisagara ilitukwamisha kwenye tope. Mnaijua kwetu: mtu akikwama, watu wanatoka mashambani na majembe yao kabla hajaita. Siku ile walitoka, wakaona tela, wakasimama mbali na mikono nyuma. Tulikata matawi wenyewe, tukaweka chini ya magurudumu, tukasukuma. Tope lilinifika magotini. Kaka akasema wivu ni kitu kibaya sana.

Amosi alijibu bila kugeuka, "Kwetu mtu akimvuta mtani mkono msibani, hata jembe haazimwi."

"Wewe endesha," kaka akamwambia.

Munisagara

Mama alikuwa amesimama nje, kanga mpya, kilemba safi. Tulimwamkia mmoja baada ya mwingine. Alitupa ugali, mlenda na kambale wa mtoni, na alitungoja tule tushibe. Alipoona tumenawa, akasema, "Haya, nionyesheni."

Aliingia tela lile kama binti. Alifungua bomba akacheka maji yalivyotoka. Alikaa kitandani, akaruka ruka kidogo. Alichungulia choo, akasema, "Huku mtu akinenepa si ndiyo kwaheri?" Nilianza kupumua. Nikasema moyoni, labda yamepita.

Kisha akaenda kwenye ukuta, akaweka kiganja chake juu ya kile cha masizi.

"Mkono wa Chausiku huu," akasema. "Mmeikomboa?"

Kaka akatazama chini. Mimi pia.

"Basi si nyumba yangu. Kitu kilichotekwa na mtani kikaondoka bila kukombolewa ni cha mtani. Mmeniletea nyumba ya watu."

"Mama, ule ni mzaha tu," kaka akasema.

"Ndiyo, ni mzaha. Kwa hiyo ulikasirikia nini?" Sauti yake haikupanda. "Mimi nimewakalia watu majeneza ya watoto wao, Shabani. Watoto. Wakanipa kuku macho yamevimba kwa kilio, na hakuna aliyewahi kunigusa mkono. Mwanangu mimi ndiye wa kwanza kumwangusha mtani." Akashuka ngazi polepole, ameshika ukingo. "Rudi kesho. Kuku mmoja. Utatukanwa, utaomba radhi, mtacheka, urudi. Nami siku hiyo hiyo nahamia."

"Njia yote ile kwa ajili ya kuku?"

"Basi nalala kwangu."

Kaka aliniambia baadaye, tukiwa wawili, "Muache. Maji yakifika mlangoni ataingia mwenyewe." Nilimwona mjinga, na moyoni nikaomba awe ndiye mwenye akili.

Kurudi nyuma na jogoo

Nilikwenda mimi. Nilinunua jogoo mwekundu, nikapanda bodaboda hadi Kilosa, nikapanda gari la abiria hadi kwenye kile kijiji, jogoo kifuani, dua mdomoni. Msiba ulikuwa umeisha, matanga yameanuliwa. Bi Chausiku alikuwa anapepeta mchele kwa mkono mmoja. Wa pili ameufunga kwa kanga shingoni.

Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Aliniinua. Alinipa maji ya kunywa, akanipakulia wali na maharage, akakaa nami mpaka nikala. Kisha akamshika jogoo, akampima uzito.

"Jogoo mzuri, binti Zaina. Lakini si wewe uliyenishika."

"Yule ni mkubwa wangu, bibi. Nimekuja kwa niaba yake."

"Hasira haina niaba." Alimrudisha jogoo mapajani mwangu. "Mimi sina kisasi naye. Mwambie aje. Nitamtukana kidogo, nitamtukana na mama yake, atoe kuku, tucheke, yaishe. Hata leo akija yanaisha leo."

Nilimpigia kaka pale pale, nikatoka kidogo nje ya ua ili asisikike. Nilimweleza. Nilimwambia ni rahisi kuliko tulivyodhani, aje tu, apande gari.

"Mwambie nami nimemsamehe kwa kunichafulia mapazia," akasema.

Nilikata simu. Nilirudi kwa Bi Chausiku, nikamwambia kaka ana homa. Alinitazama, akajua, akanifungia mchele kidogo kwenye mfuko. Nikapanda gari la kurudi na jogoo wangu. Kondakta akaniuliza kama amekataliwa sokoni.

Maji

Munisagara hakukuwa na tone la mvua. Jua lilikuwa linawaka. Lakini kwetu maji hayatokei juu yetu, yanatoka Dodoma na Mpwapwa, mvua inanyesha kwa wengine na mafuriko yanakuja kwetu. Asubuhi moja tukasikia watu wa juu ya mto wanapiga kelele, kisha mto ukabadilika rangi, kisha ukaacha kingo zake.

Watu wote walikimbilia kwenye tuta la reli, ndiyo sehemu pekee iliyoinuka. Magodoro, mbuzi, sufuria, mitungi. Mama alipanda na godoro lake kichwani, mimi nyuma yake na kikapu cha vitunguu na yule jogoo. Kaka alibaki chini mlangoni mwa tela. Alikuwa amelifunga kamba kwenye mkuyu, amepandisha magurudumu, kila kitu tayari. Maji yalimfika vifundoni.

"Mama, njoo," akaita. Kisha akapiga magoti majini. Mtu mzima yule, mvi kichwani, anapiga magoti mbele ya watu wote wa Munisagara. "Mama, nakuomba. Ingia. Tutakwenda kukomboa kesho, wallahi nitakwenda."

Mama alisema, "Nenda ukakomboe, nitaingia."

"Sasa hivi nitapitaje?"

"Ulikuwa na siku zako."

Mama naye nilimkasirikia, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia, Mama, nyumba ile pale, kavu, ina kitanda, unakataa kwa ajili ya kuku. Kaka akawageukia majirani, akamwita jirani yetu aliyekuwa na kichanga, akamwambia alete angalau mtoto. Yule mwanamke akatikisa kichwa. "Nyumba ya watu hiyo," akasema. Hakuna aliyeshuka. Mama asipoingia, nani angeingia?

Kaka akapanda peke yake.

Maji yakazidi, na tela likainuka. Nilidhani litapinduka au litajaa. Halikufanya lolote kati ya hayo. Lilinyanyuka polepole, likajitikisa, likatulia juu ya maji, mapazia meupe dirishani na kaka yangu mlangoni ameshika kamba. Vijana wa kwenye tuta wakatoa simu, wengine wakapiga makofi. Ile video mliyotumiwa ni ya hapo. Upande wa pili, nje ya video, nyumba ya Mama ilikuwa inalainika. Ukuta wa jikoni ukakaa chini taratibu, ukafuata wa chumbani, bati likalala juu ya maji kidogo kisha likaondoka.

Mama alitazama vyote viwili. "Limeelea vizuri," akasema, akageuka kumfungia mbuzi wa jirani kamba.

Mikumi tena

Baada ya maji kushuka hakukuwa na kiwanja, kulikuwa na mchanga. Tela lilitua upande, kwenye mpunga wa mtu, na mwenye mpunga anataka liondolewe. Amosi alisharudi kwao. Kaka alirudi Malolo kwa basi, akisema atalifuata. Kukomboa hajaenda. Nimempigia, nimemtumia watu, wifi yangu amelia mbele yake. Anasema yaliyopita si ndwele.

Mama nimemleta hapa, chumba cha nyuma, kile kinachotazama barabara. Mnamwona anavyokaa pale mlangoni. Mnasema amepoa, mzee mpole. Mama yangu hajawahi kuwa mpole.

Juzi juzi alifariki yule mzee wa mtaa wa juu. Mama aliuliza ni wa ukoo gani, akaambiwa, macho yakamwaka, maana marehemu alikuwa mtani wetu kabisa, mtu wa kwetu aliyehamia Mikumi ujanani. Sikumwona akitoka. Alijipaka masizi ya jiko langu, akavaa koti la mkwe wangu nje ndani, akaenda msibani, akakaa kando ya jeneza akadai kuku wake.

Watoto wa marehemu wamekulia mjini. Walitazamana. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alimwinua kwa mkono, polepole, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akampa maji. Kisha akamleta kwangu nyumbani. "Mama, samahani," akaniambia, "bibi naona amechanganyikiwa."

Nilimshukuru.

Mama alinawa uso kwenye beseni, akanawa tena mpaka masizi yakaisha. Akajifuta kwa kanga. Akaniita kwa jina langu la utotoni, "Tatu, nikifa mnirudishe kwetu. Hapa nitazikwa kimya."

Nilimwitikia, ndiyo Mama. Lakini wa kuja kumkalia jeneza ni wale wale tuliowaacha barabarani, na kaka bado hajapeleka kuku.